Mama Yupo, Ila Hutamwona

Jumamosi, wiki mbili kabla ya Krismasi. Asubuhi palikuwa na mawingu mepesi upande wa mtoni, halafu jua likatoka likakausha matope ya juu tu. Ukikanyaga, ganda linapasuka na mguu unazama. Upepo hakuna. Mbu wengi.

Naandika haya kabla hayajachanganyika kichwani. Mimi si mtu wa kuandika. Darasa la saba nilifika, kulimaliza vizuri ni jambo jingine. Tabia hii niliianza tulipohama kule chini baada ya mafuriko, ili nikumbuke kitu gani kilikuwa wapi, na sikuacha. Pengine kuna mahali nitamwonea mtu bila kujua. Nitajaribu nisimwonee mgeni, maana yeye hatasoma haya na hawezi kujitetea.

Mgeni ni kijana ambaye binti yangu anataka kuolewa naye. Kwao ni Nakuru. Anatengeneza simu na kompyuta Mombasa, karibu na saluni anayofanya kazi binti. Walifika juzi jioni ili babake amwone, na yeye aone tunakoishi, kabla wazee wake hawajaja rasmi mwakani. Binti alikuwa amenipigia simu siku nilipokwenda sokoni Minjila, ambako netiwaki ipo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, huyu akipapenda nyumbani, basi. Akikimbia, mimi sileti mwingine." Alisema kama utani. Mimi ndiye niliyemzaa, na najua anavyotania. Hakuwa anatania.

Sasa kwetu, sisi ambao wazee wetu walitoka kusini wakifuata mashamba ya huku, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso mpaka wazee wakae na mambo yakamilike. Ndivyo nilivyolelewa. Mzee wangu, babake binti, alikaa muda mrefu sana bila kuuona uso wa marehemu mama yangu, na kila alipokuja alikula chakula chake akashiba. Siku hizi wengi wanapeana mikono na kupiga picha pamoja, na sisemi wamekosea. Jirani yangu alikumbatiwa na mkwe wake pale steji ya Minjila, mbele ya wauza maembe wote, na dunia haikuanguka. Lakini mimi nikifikiria kusimama mbele ya kijana wa watu na kumwambia habari yako, miguu inakataa. Sijui kama ni heshima, au ni woga uliojifunga leso ya heshima.

Basi juzi niliposikia bodaboda inakuja nilijifunika leso kichwani, nikatokea mlango wa nyuma, nikaingia kwenye migomba. Panga nilikuwa nalo mkononi kwa sababu nilitaka kukata mkungu mmoja ulioiva. Mila inasema yeye asinione. Kama inasema mimi nisimwone yeye, hakuna aliyewahi kuniambia, na kusema kweli sijawahi kuuliza. Nikasimama kati ya migomba miwili nikamwangalia.

Nilimwona kijana mrefu, mwembamba, viatu vyeupe vimeshazama matope. Amebeba mikoba yote, wake na wa binti yangu. Hilo nililipenda. Mkono mmoja ameinua simu juu kama mtu anayemulika popo, anatafuta netiwaki. Halafu akageuka, na macho yake yakaja sawasawa kwenye migomba. Nikarudi nyuma taratibu, nikatulia. Leso niliyovaa ni ya kijani na nyeusi, nilikuwa nimeichagua makusudi. Nikajiambia hakuniona.

Chakula nilipika mimi na binti akapeleka. Alirudi jikoni akasema, "Mgeni anauliza yule mama aliyesimama kwenye migomba ni nani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hakuna mtu kwenye migomba."

"Vizuri," nikamwambia, nikidhani amenisitiri. Kumbe hakuwa amenisitiri. Hakuwa ameniona. Alidhani niko kwa wifi yangu, ng'ambo ya ua.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni nikikoroga uji. Jiko letu ni la udongo, na ukutani pana upenyo mahali mvua ilipolamba. Kijana alikuja kupiga mswaki karibu na pipa la maji. Kumpita mgeni bila salamu ni vibaya kuliko kumwona. Nikamsalimia kupitia ukutani, kwa upole, "Umeamkaje, baba?"

Akasimama na mswaki mdomoni. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akasema "Poa," kwa sauti ndogo sana, akaingia nyumbani bila kusukutua.

Nilifurahi. Nilivuka ua kwenda kumwambia wifi yangu, dadake mzee wangu, ambaye alikuwa akipepeta mchele. "Wifi, kijana ana adabu mimi sijaona. Nimemsalimia, hata hakusogea kutafuta niko wapi. Ameinama akaingia ndani."

"Mtu wa bara?" akasema wifi.

"Wa bara. Na nyuma ya nyumba haji kabisa. Akitaka kwenda chooni anazunguka mbali, jikoni hataki hata kupatazama."

"Basi Nakuru nao wana mila kama zetu."

"Inaelekea."

Tulimsifu mpaka mchele ukaisha. Mzee naye jioni aliniambia kijana haulizi maswali, anakaa akiegemeza mgongo ukutani, anauangalia mlango, akiitwa anaitika haraka. Na usiku taa ya simu yake haikuzimwa. Tukasema labda anasoma. Sisi wote wawili tulikuwa tumeridhika sana na mtu huyu.

Leo asubuhi alimwambia mzee kwamba ameitwa kazini, inabidi aondoke na basi la mchana. Mzee akasema kazi ni kazi, akaenda zake mtoni kutazama mitego. Binti akaja jikoni akaketi kwenye kibao cha mbuzi, mikono magotini.

"Anaondoka," akasema.

"Kazi imemwita, mwanangu. Tusimlaumu."

"Mama, tangu tufike hapa hakuna netiwaki. Kazi imemwita na nini?"

Niliendelea kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Yeye hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa anauangalia mlango wa nyumba, kule ambako mkoba ulikuwa umeshafungwa na kuwekwa kizingitini, na alikuwa na uso ule wa utotoni alipokuwa akingoja kuambiwa kama ameshinda au ameshindwa.

Wifi ndiye aliyekwenda. Yeye ni shangazi, ulimi wake hauna mipaka, na mila haimfungi kama inavyonifunga mimi. Alivuta kiti akaketi kibarazani karibu na kijana. Mimi nilisogea kwenye upenyo wangu. Naandika walivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

"Baba, unatukimbia?"

"Hapana, shangazi. Ni kazi tu."

"Kazi inayoita bila simu?"

Kijana akasema, polepole, "Shangazi, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Uliza."

"Mama yake alikufa lini?"

Wifi yangu hajawahi kuzuia kicheko maishani mwake. Aliwahi kucheka kwenye mazishi, na marehemu alikuwa mumewe. Lakini hapo alijizuia. "Mama wa nani?" akauliza.

"Wa binti yenu. Tulipofika nilimuuliza, mama yuko wapi nimsalimie? Akaniambia, mama yupo, ila hutamwona."

Nilimtazama binti yangu. Binti alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Kijana alikuwa ameanza, hakuweza kuacha. Alisema tangu Minjila moyo wake haukutulia. Yule wa bodaboda alimwambia, huko kuingia ni rahisi, kutoka ni majaliwa. Njiani wakapita zile nyumba tupu ambazo watu walizihama baada ya maji, milango wazi, majani yameota ndani. Simu ikakata. Halafu akamwona mama mmoja amejifunika, amesimama kwenye migomba na panga, anamtazama, hasemi kitu. Akafumba na kufumbua, hayupo. Akauliza, akaambiwa hakuna mtu. Chakula kinakuja kitamu, mpishi haonekani. Asubuhi ukuta ukamsalimia.

"Ukuta?" akasema wifi.

"Uliniita baba."

"Mm."

"Mimi si mwoga, shangazi. Lakini hii muvi nimeshaiona. Nimeziona nyingi sana, ndizo ninazopenda. Watu wanaenda likizo porini, kumetulia, netiwaki inapotea, wenyeji wanawaangalia tu. Na wa kwanza kufa ni yule anayesema ni upepo tu."

Wifi aliinuka, akamwambia nakuja, akatembea kwa heshima mpaka alipozunguka kona ya nyumba. Hapo akashika ukuta wa jiko akacheka mpaka akakaa chini kwenye majivu.

"Wifi," akasema alipoweza, "umekufa na hukutuambia."

Nilijaribu kukasirika. Nilijiambia, mtu analazwa, analishwa, anapewa ndizi za kwanza za mkungu, halafu anatufanya majini. Lakini nilipoyapanga mambo kutoka upande wake, moja baada ya jingine, hakuna hata moja alilolitia chumvi. Panga lilikuwepo. Kutazama nilitazama. Ukuta ulimwita baba. Na lile la binti lilikuwa kweli tupu: nilikuwepo, na hangeniona.

"Mama, toka umsalimie tu," binti akasema. "Mara moja. Akuone kwamba wewe ni mtu."

Niliinuka. Nilifika hadi mlangoni, mkono juu ya leso. Naandika hili kwa sababu sitaki kujipamba: sikuweza. Nilimwona mama yangu amesimama mahali pangu, na nilijua yeye angefanya nini. Na nilimwona binti yangu vilevile, na mkoba ule kizingitini. Nilisimama pale kati ya wawili hao nikiwa sina faida kwa yeyote.

"Mwache," wifi akasema. "Akichomoza sasa hivi kijana atakufa kweli."

Ndipo nikasema, sijui ilitoka wapi, "Mwambieni anionyeshe hiyo sinema."

"Ya nini?"

"Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kitu ambacho sijakiona. Pengine hata mimi ningekimbia."

Binti alikwenda kumweleza. Alichukua muda, na sauti zao sikuzisikia. Nilichokisikia ni kijana akisema "zii," hapana yao ya mjini, halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini bado. Halafu wakafunga leso kwenye mlango kati ya sebule na chumba cha ndani, kutoka juu mpaka karibu na sakafu. Mimi na wifi tukakaa mkekani upande wa ndani. Yeye na binti upande wa sebule. Laptopu yake ikapitishwa chini ya leso, tukaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Niliona vidole vyake. Vilikuwa vidole vya kawaida, kimoja kina alama ya kuungua.

"Shikamoo, mama," akasema nyuma ya leso.

"Marahaba, baba. Pole na safari." Salamu hiyo ilikuwa imechelewa, lakini ilikuwa haki yake.

Sinema ilikuwa ya Kizungu na mimi Kizungu changu kinaishia dukani. Yeye alisema haina shida, anaijua kwa moyo, atatutafsiria kwa kusikiliza tu. Na alifanya hivyo kweli, bila kuona hata picha moja, akibadilisha sauti, ya msichana, ya mwanamume, mpaka ya mlango ukilia. Vijana wanne wanaingia msituni na gari zuri. Wanafika kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, wanatupa mizigo, wanaoga, wanachoma nyama.

"Hawa wamemwambia nani kwamba wanakuja?" nikauliza.

"Hakuna mtu, mama. Wako likizo."

"Hata mzee wa mtaa?"

"Hakuna mzee wa mtaa. Ni msitu."

"Na hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni tupu."

"Nyumba ina vitanda na sufuria, itakuwaje tupu? Mwenyewe ametoka tu."

"Mwenyewe anakuja, mama," akasema. "Ana shoka."

"Kulala kwa watu bila hodi," wifi akasema. "Na angalia walipochomea nyama. Yale majani yaliyolala ni njia ya kiboko."

"Shangazi, kule hakuna viboko."

"Basi njia ya nini imetoka majini namna hiyo?"

Kijana alisema ameitazama sinema hii mara nyingi na hajawahi kujiuliza. Binti yangu alianza kucheka. Nilikisikia kicheko chake na nikazidi kuuliza maswali, mengine hata sikuhitaji majibu yake.

Lakini niseme na la upande wa pili. Mwenye nyumba alipoanza kuua, sikumtetea. Watu wamelala kwako bila ruhusa, unawapeleka kwa chifu, wanatozwa mbuzi, yanaisha. Shoka ni kupita kiasi. Na kuna mahali niliogopa kweli. Mimi ninayechota maji mtoni penye mamba, nikipiga maji kwa fimbo kwanza, niliogopa picha. Si damu iliyoniogopesha. Ni pale msichana anapoosha vyombo, na dirishani amesimama mama mmoja, amejifunika, haongei, anamwangalia tu. Nilimkamata wifi mkono mpaka akanipiga.

"Baba," nikasema, "mimi nilikuwa hivyo?"

Alifikiria. Nilisikia anafikiria. "Mama, wewe ulikuwa mbaya zaidi," akasema. "Huyo hana panga."

Wifi alianguka upande. Binti alicheka mpaka leso ikatikisika. Mimi nilikuwa wa mwisho kucheka, lakini nilicheka kuliko wote. Mzee alitokea wakati huo, kambare wawili wakining'inia mkononi, akasimama mlangoni akauliza kuna nini, nani amekufa.

"Mkeo," wifi akasema. "Tangu juzi. Tumemfufua sasa hivi."

Nilipopata pumzi nilimwambia kijana, "Panga lile lilikuwa la mkungu wa ndizi, baba. Zile ulizokula."

"Zilikuwa tamu," akajibu. "Nilizila nikiogopa, lakini zilikuwa tamu."

"Na sababu ya mimi kujificha umeelezwa?"

"Nimeelezwa. Mimi nilidhani mnanificha kitu. Kumbe mnaniheshimu. Mum, kwetu mtu akikuheshimu anakuja anakushika mkono. Sikujua inaweza kuonekana hivi."

Nilimwambia sisi nasi tulidhani woga wake ni adabu, na tulikuwa tumemsifu sana. Hilo alilipokea vizuri. Sinema hatukuimaliza. Wifi alitaka kujua nani alibaki, na kijana akamwambia ni yule msichana aliyekuwa anaosha vyombo. Wifi akasema anastahili, ndiye peke yake aliyefanya kazi.

Basi la mchana lilikuwa limeshapita Minjila zamani. Mzee aliketi akavua viatu vya matope, akauliza kwa sauti yake ya kutaka kujua tu, "Na kazini?"

"Nimewaambia wasubiri," kijana akasema.

"Umewaambia na nini?"

Baadaye kidogo nilimsikia binti akiuinua mkoba kizingitini na kuurudisha ndani. Alipita upande wangu kuchukua kisu cha kuparia samaki, akaniangalia. Nikampa kisu tu. Ningesema kitu ningeharibu.

Sijui kama nimefanya sawa kubaki nyuma ya leso. Huenda mama mwingine angetoka na mambo yangeisha asubuhi, bila kijana kukosa usingizi. Huenda pia ningetoka na mwakani nijutie. Nimeliandika kama lilivyokuwa. Binti anasema wazee wa Nakuru wakija tutalazimika kuwaeleza mapema, kabla hawajafika kwenye zile nyumba tupu. Mzee anasema hapana, tuwaache waje hivyohivyo, naye apate kuona kioja, maana hiki cha leo kilimpita.

Jioni tulikula wali wa nazi, wa mchele ule alioupepeta wifi, na kambare wale wawili kwa mchuzi wa nazi na ukwaju, na mchicha. Sebuleni walikula wao, ndani tukala sisi, leso katikati. Sahani ya mgeni ilipokwisha niliona vidole vinakuja chini ya leso, kile chenye alama ya kuungua mbele, vinasukuma sahani polepole.

"Hodi," akasema.

"Karibu, baba," nikasema, nikamwongezea wali na kichwa cha samaki.